Mkufunzi Hupangaje Mbio za Farasi Wakubwa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mombasa hatuna uwanja wa mbio za farasi, lakini watazamaji tunao. Msimu wa Riyadh na Dubai ukifika, kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Aprili, nyumba nyingi zenye ndugu walioko Ghuba hukaa mbele ya televisheni usiku kufuatilia mbio, na kesho yake maswali hunifuata hadi barazani. Yule aliyeshinda mwezi uliopita yuko wapi? Mbona amepelekwa Marekani? Mbona anapumzishwa na hali yu mzima? Yote hayo yanamhusu mtu mmoja, mkufunzi, na nimeyakusanya hapa niyajibu kwa kituo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mkufunzi hodari namtambua kwa mbio alizokataa kuliko zile alizoingia.

Mpango wa farasi mkubwa huanzia wapi?

Huanzia mwisho. Mkufunzi huchagua siku moja ambayo angetaka farasi wake awe kwenye kilele cha nguvu zake, kisha anahesabu wiki kurudi nyuma. Tuseme shabaha ni Dubai World Cup, mita 2,000 kwenye udongo wa uwanja wa Meydan, mwisho wa Machi. Ukirudi nyuma wiki tano hivi unakutana na Saudi Cup ya Riyadh, mita 1,800, yenye zawadi ya dola milioni 20. Nyuma yake kuna mbio za matayarisho za Januari. Nyuma ya hizo kuna wiki za mazoezi ya shoti, yaani mbio za kasi, na kabla ya shoti kuna wiki za kutembezwa na kwenda matiti, yaani mbio za polepole, ili pumzi na miguu virudi baada ya likizo. Ukifika hapo umeshafika Novemba. Yaani farasi unayemwona akitoka langoni pale Meydan, safari yake ilipangwa wakati vuli inanyesha huku kwetu.

Mfano ninaoupenda ni wa Forever Young wa Japani na mkufunzi wake Yoshito Yahagi. Mwaka 2024, akiwa na miaka mitatu, farasi huyo alishinda Saudi Derby, akashinda UAE Derby, akaenda Kentucky Derby na kumaliza wa tatu kwa tofauti ya pua. Mwaka huohuo akawa wa tatu tena kwenye Breeders' Cup Classic kule California. Mwaka 2025 Yahagi alirudia njia ileile kwa busara zaidi. Forever Young alishinda Saudi Cup mbele ya Romantic Warrior wa Hong Kong katika mbio ambazo bado nazirudia kuzitazama, akawa wa tatu Dubai, kisha akapumzishwa. Toka Aprili hadi Oktoba hakukimbia popote. Mapema Oktoba akapewa mbio moja tu nyumbani Japani za kumzindua, na tarehe 1 Novemba akashinda Breeders' Cup Classic, farasi wa kwanza kutoka Japani kufanya hivyo. Tazama ile miezi ya kimya katikati. Ushindi wa Novemba uliandaliwa humo.

Wachezaji wa Bandari FC hucheza kila wiki. Kwa nini farasi bora akimbie mara tano au sita tu kwa mwaka?

Kwa sababu ya mifupa. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 hadi 500, na miguu yake chini ya goti haina msuli, ni mfupa, kano na ngozi. Akiwa katika shoti kali kuna nukta ambapo kwato moja ya mbele inabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wake wote. Kila mbio huacha nyufa ndogo mno ndani ya mfupa, zisizoonekana wala kuuma. Mwili huziziba wenyewe ukipewa wiki za kutosha. Usipopewa, nyufa hizo hukusanyika mahali pamoja, na siku moja mguu unavunjika katikati ya uwanja mbele ya watu maelfu. Wakufunzi wote wanalijua hili, na wengi wamelishuhudia kwa macho yao.

Moyo nao hufanya kazi ya ajabu. Farasi akiwa amesimama bandani moyo hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, na mbioni unapita 220. Bandama humwaga damu ya akiba mwilini ili kubeba oksijeni zaidi. Mnyama aliyetoka katika jitihada hiyo anaweza kuonekana mchangamfu baada ya siku mbili tatu, anakula na kurusha mateke, na bado ndani hajarudi.

Flightline wa Marekani, chini ya mkufunzi John Sadler, alikimbia mara sita tu maishani mwake, kuanzia 2021 hadi 2022, akashinda zote sita. Ile Pacific Classic ya 2022 alishinda kwa urefu wa farasi 19 na robo. Kuna waliolalamika kwamba walinyimwa burudani. Kwa upande mwingine yuko Winx wa Australia, aliyekimbia mara 43 na kushinda 37, zikiwemo 33 mfululizo, na Cox Plate mara nne kuanzia 2015 hadi 2018. Mkufunzi wake Chris Waller hakumtoa Australia hata mara moja, ingawa Waingereza walimwita kila mwaka. Ratiba hizi mbili hazifanani hata kidogo, na kila moja ilimfaa farasi wake.

Mkufunzi anajuaje kwamba farasi amerudi katika hali yake?

Kwa mkono kwanza. Jamaa mmoja wa Majengo aliyefanya kazi ya usaisi, yaani kuhudumia farasi bandani, Dubai kwa miaka mingi alinionyesha jinsi inavyofanywa, na kwa kuwa farasi hakuwepo, alitumia mguu wa punda wa mkokoteni. Alimzungumzisha punda, akachuchumaa kando yake, wala si mbele, akaweka kiganja chini ya goti na kukiteremsha polepole juu ya ukano wa nyuma hadi kwenye kifundo. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa mguu wa pili. Kiganja kinatafuta joto, na joto la mguu mmoja hulijui mpaka ulilinganishe na la mwenzake. Aliniambia kwamba kule bandani kazi hiyo ilifanywa kabla ya alfajiri kupambazuka, kila siku, kwa kila farasi, na saisi aliyekuta joto hakungoja kuulizwa, alikwenda moja kwa moja kwa mkufunzi. Joto kwenye ukano linaweza kufuta mpango wa miezi sita kabla ya watu kunywa chai.

Baada ya mguu ni ndoo ya chakula. Farasi anayebakiza shayiri yake siku tatu baada ya mbio anasema jambo. Halafu uzito: Japani huutangaza uzito wa kila farasi siku ya mbio, na watazamaji wazoefu huusoma kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Mwisho ni mazoezi yenyewe. Saa ya mkononi husaidia, lakini mkufunzi hutazama zaidi pumzi baada ya shoti, inachukua muda gani kutulia, na kama farasi alimaliza akitaka kuendelea au alimaliza kwa kusukumwa.

Masaisi hawatajwi siku ya kugawa vikombe. Binafsi naona hapo pana dhuluma, maana taarifa nyingi ambazo mpango umejengwa juu yake zimetoka viganjani mwao.

Ni kweli farasi wote huzaliwa tarehe moja?

Kwa hesabu za mbio, ndiyo. Nchi za kaskazini mwa ikweta huongeza umri wa kila farasi tarehe 1 Januari. Australia, New Zealand na Afrika Kusini hufanya hivyo tarehe 1 Agosti. Aliyezaliwa Mei kaskazini atahesabiwa ana miaka mitatu sawa na aliyezaliwa Februari, ilhali mwenzake amemtangulia kukua kwa miezi mitatu.

Jambo hili linamuumiza kichwa mkufunzi kwa sababu Derby, iwe ya Epsom au ya Kentucky, ni ya farasi wa miaka mitatu pekee. Nafasi ni moja maishani. Farasi wa Mei anaweza kuwa bora kuliko wote ifikapo Oktoba, na Derby imeshapita. Mwenye subira humwacha akue, akamtafutia mbio za vuli ya Ulaya au za mwaka unaofuata.

Mbona Sovereignty alishinda Kentucky Derby 2025 halafu hakuonekana Preakness? Aliumia?

Hakuumia, na hili ndilo swali nililoulizwa kwa hasira kuliko yote.

Mataji Matatu ya Marekani ni Kentucky Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei, mita zipatazo 2,000. Preakness Stakes wiki mbili baadaye. Na Belmont Stakes wiki tatu baada ya hapo. Ni mbio tatu ngumu ndani ya wiki tano. Tangu Sir Barton mwaka 1919 hadi Justify mwaka 2018, ni farasi 13 tu waliozishinda zote. Baada ya Affirmed mwaka 1978 watu walingoja miaka 37 mpaka alipokuja American Pharoah mwaka 2015. Kwa hiyo farasi akishinda ya kwanza, nchi nzima inataka kumwona katika ya pili.

Mkufunzi wa Sovereignty, Bill Mott, alisema hapana. Wiki mbili hazikutosha kwa farasi wake, basi. Alimpeleka Belmont, ambayo mwaka huo ilikimbiwa Saratoga, akashinda mbele ya Journalism, aliyekuwa ameshinda Preakness. Akaongeza Jim Dandy, kisha Travers kwa tofauti ya urefu wa farasi kumi.

Wapo wanaosema Mott alimnyima farasi huyo historia. Sikubaliani nao. Angeingia Preakness akiwa amechoka, akashindwa, akafika Belmont akiwa ameishiwa, leo tungekuwa tunataja Derby peke yake. Mott alimtazama farasi aliyekuwa mbele yake, hakuitazama kalenda. Kumbuka pia kwamba mwaka 2022 Rich Strike naye aliruka Preakness baada ya kushinda Derby. Zamani jambo hilo lilionekana kama uasi, sasa linazoeleka, na kwa maoni yangu linazoeleka kwa faida ya farasi.

Umbali unaomfaa farasi unajulikanaje?

Ukoo hutoa dalili ya kwanza. Mtoto wa dume aliyetamba kwenye mita 1,200 haitarajiwi apende mita 3,200. Lakini ukoo haumalizi mambo. Tabia ina uzito uleule: farasi anayevuta hatamu tangu anatoka langoni anachoma nguvu mapema, na yule anayetulia nyuma ya wenzake anaweza kufika mbali kuliko ukoo wake unavyosema.

Frankel wa Uingereza ni somo zima peke yake. Mwaka 2011 alishinda 2000 Guineas ya Newmarket, mita zipatazo 1,600, kwa namna ambayo watu walidhani anakimbia peke yake. Wengi walitaka aende Derby ya Epsom, mita zipatazo 2,400. Mkufunzi Henry Cecil alikataa. Alimweka kwenye maili, akamfundisha utulivu, na mpaka Agosti 2012 ndipo alipompeleka mita zaidi kidogo ya 2,000 za York, akashinda kwa starehe. Akafunga na Champion Stakes ya Ascot Oktoba hiyo. Mbio 14, ushindi 14, na hakuwahi kuvuka bahari. Cecil mwenyewe wakati huo alikuwa akiugua saratani, akafariki Juni 2013. Nikifikiria subira ya mtu anayejua muda wake ni mchache na bado hamharakishi mnyama, nakosa la kusema.

Mfano wa karibuni ni Delacroix wa mkufunzi Aidan O'Brien. Mwaka 2025 alipelekwa Derby ya Epsom akitegemewa sana na hakufua dafu. Alirudishwa kwenye mita 2,000 na mwezi uliofuata akashinda Eclipse kule Sandown, kisha Irish Champion Stakes.

Mkufunzi mmoja akiwa na farasi watatu katika mbio moja, si wanajipinga wenyewe?

Kwa sehemu, ndiyo. Ila Derby ile ile ambayo Delacroix alishindwa ilichukuliwa na Lambourn, naye wa O'Brien, na ukawa ushindi wake wa 11 katika mbio hizo. Joki (mpanda farasi) mkuu wa banda, Ryan Moore, alikuwa juu ya Delacroix. Mwenye banda kubwa huwagawa farasi wake viwanjani kadiri anavyoweza, huyu Ufaransa, yule Ireland, lakini kwa mbio kubwa zaidi huwaingiza kadhaa, kwani hata yeye hawezi kuapa ni yupi atakayekuwa bora siku hiyo.

Nyasi na udongo vina tofauti gani katika mpango?

Kubwa mno. Ulaya hukimbia hasa kwenye nyasi, Marekani mbio zao kuu ni za udongo. Udongo huwarushia farasi wa nyuma mchanga usoni, na wapo wanaochukia hivyo kiasi cha kuacha kukimbia. Ndiyo maana bingwa wa Ulaya akija Dubai mara nyingi huelekezwa kwenye Sheema Classic au Dubai Turf, ambazo ni za nyasi, usiku uleule wa World Cup. Meydan yenyewe ilianza na uwanja wa bandia, si wa udongo halisi, mwaka 2010, na World Cup ikarudi kwenye udongo mwaka 2015.

Kisha kuna mvua. Prix de l'Arc de Triomphe ya Longchamp, Paris, mita 2,400, hukimbiwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba, wakati ardhi inaweza kuwa tope. Kuna farasi anayeogelea kwenye tope na kuna anayezama. Mkufunzi hutembea uwanjani kwa miguu asubuhi ile, akichoma kisigino ardhini, na akimwondoa farasi wake saa chache kabla ya mbio usimwite mwoga.

Safari ya ndege inamchosha farasi kiasi gani?

Inatosha kuharibu kila kitu. Farasi husafiri amesimama ndani ya kizimba, kichwa kimefungwa juu kwa saa nyingi, na kwa kuwa hawezi kukiinamisha, uchafu wa puani na kooni hauteremki. Ndiko inakotoka homa ya safari inayoshambulia mapafu. Mkufunzi makini huacha kamba ndefu kidogo, hulowesha nyasi kavu ili zisitoe vumbi, na huhesabu siku za kupoa baada ya kutua kabla ya kudai shoti. Zaidi ya hapo kuna karantini, vipimo vya damu, na kuzoea majira mapya ya usiku na mchana.

Dubai huongeza joto, ingawa mbio za World Cup ni za usiku. Tarehe nayo husogea: mwaka 2025 zilikimbiwa tarehe 5 Aprili, siku chache baada ya Idi.

Kwa nini hatuoni farasi wa Kenya wakipelekwa Dubai?

Kizuizi kikubwa ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi. Ugonjwa huu unaua haraka, na nchi zisizokuwa nao zinajilinda kwa masharti makali ya karantini kwa farasi wanaotoka maeneo ulipo, Afrika Mashariki ikiwemo. Gharama na miezi inayopotea hufanya safari isiwe na maana kwa mwenye farasi wa kawaida.

Mbio zetu rasmi za thorobredi, farasi wa ukoo maalumu wa mbio, ziko Ngong Racecourse, Nairobi, chini ya Jockey Club of Kenya, na tuna Derby yetu. Ukipanda huko Jumapili ya mbio, nenda. Simama kando ya uzio wanapozungushwa kabla ya kutandikwa, umtazame mkufunzi anavyomtazama farasi wake. Utajifunza kwa nusu saa kuliko kwa mwaka mzima wa televisheni.

Hendikapu ni nini, na mbona inasemekana mkufunzi huogopa kushinda?

Katika hendikapu, farasi aliye bora hubebeshwa uzito zaidi ili wote wapate nafasi. Melbourne Cup ya Australia, mita 3,200, Jumanne ya kwanza ya Novemba, ni hendikapu, na ndiyo mbio ambayo mpango wake ni mgumu kuliko zote. Farasi wako akishinda kwa kishindo baada ya uzito kutangazwa, anaweza kuongezewa kilo. Kwa hiyo mkufunzi anatafuta mbio za matayarisho zitakazomnoa farasi bila kumwongezea mzigo. Si udanganyifu: farasi lazima akimbizwe kwa haki, na joki anayemzuia huadhibiwa. Ujanja uko katika kuchagua ni mbio gani, umbali gani, na lini.

Ndiyo sababu Makybe Diva ananisisimua mpaka leo. Alishinda 2003, 2004, na mwaka 2005 akashinda mara ya tatu akiwa amebeba kilo 58, farasi jike, baada ya kila mtu kujua ubora wake na mizani kumlipiza.

Jina la farasi lilikuwa kwenye orodha, kisha likatoweka. Nini kimetokea?

Mara nyingi hakuna kilichotokea. Wakufunzi huandikisha farasi mmoja katika mbio kadhaa miezi kabla, wakilipia ada, ili milango ibaki wazi. Kuthibitisha huja mwishoni. Uingereza, kwa mbio za tambarare, majina ya mwisho hutolewa saa 48 kabla. Mpaka hapo orodha ni ya matumaini tu.

Kentucky Derby ina utaratibu wake. Tangu 2013 nafasi hupatikana kwa pointi, na langoni huingia farasi 20 pekee. Mshindi wa mbio kama Florida Derby au Santa Anita Derby hupata pointi 100 na kujihakikishia nafasi. Hii humlazimisha mkufunzi kukimbia ambako pengine angependa kupumzika. Breeders' Cup nayo, tangu 2007, ina mbio ambazo mshindi hupewa tiketi moja kwa moja.

Mwenye farasi ana sauti kiasi gani?

Farasi ni wake, kwa hiyo neno la mwisho ni lake. Mkufunzi mwenye jina hupendekeza na husikilizwa. Kinachoingia kati yao ni pesa za uzazi. Dume aliyeshinda mbio kubwa za Daraja la Kwanza anaweza kuingiza fedha nyingi zaidi kwa kupandisha kuliko kwa kukimbia, na kila mbio ya ziada ni hatari. Justify alianza kukimbia Februari 2018, akakamilisha Mataji Matatu Juni mwaka huohuo, mbio sita ushindi sita, na hakukimbia tena.

Farasi aliyehasiwa hana mvutano huo, na ndiyo maana humwona miaka mingi. Calandagan wa mkufunzi Francis-Henri Graffard wa Ufaransa ni mmoja wao. Mwaka 2025 alianza kwa kuwa wa pili Dubai, wa pili tena Epsom, watu wakaanza kumwita farasi asiyejua kushinda. Graffard hakumbadilisha wala hakumharakisha. Akashinda Saint-Cloud, akashinda King George ya Ascot, akashinda Champion Stakes, kisha akavuka hadi Tokyo na kushinda Japan Cup. Kati ya hizo palikuwa na pengo la Oktoba: Arc ilikuwa haimruhusu aliyehasiwa, kwa hiyo mbio kubwa ya nchini mwake mwenyewe hakuikimbia. Graffard alishinda Arc hiyo na farasi mwingine, Daryz.

Mpango ukivunjika wiki ya mwisho?

Ndipo unapomjua mkufunzi. Sovereignty aliyetajwa hapo juu alitakiwa kukutana na Forever Young kwenye Breeders' Cup Classic 2025. Akapata homa siku chache kabla, Mott akamwondoa. Farasi mwenye homa hakimbizwi.

Mott huyohuyo mwaka 1996 alikuwa na Cigar, akielekea Dubai World Cup ya kwanza kabisa, enzi za uwanja wa Nad Al Sheba. Kwato ya Cigar ikafanya usaha, akakosa Santa Anita Handicap aliyokuwa ameandaliwa. Safari hii Mott aliona muda uliobaki unatosha, akamponya, akampandisha ndege, na Cigar akashinda kwa jasho, ushindi wake wa 14 mfululizo. Mtu mmoja, miaka 29 imepita kati ya matukio hayo, uamuzi tofauti. Kila mara aliyeamua ni mguu au joto la mwili wa farasi.

Unaweza kunipa farasi wa kuwekea pesa?

Hapana. Hapa hatushughuliki na kamari. Meydan penyewe hakuna madirisha ya kuchezea kamari na uwanja hujaa.

Kwa saa zetu za Mombasa, mbio hizi ni saa ngapi?

Saudi Cup, Februari: Riyadh saa zetu ni zilezile, mbio kuu huwa kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Dubai World Cup: Dubai wanatutangulia saa moja, kwa hiyo tegemea saa mbili na nusu usiku hivi, baada ya Isha. Kentucky Derby hukufikia karibu saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, ulale mapema uamke. Derby ya Epsom, mwanzoni mwa Juni, ni jioni. Arc ni Jumapili saa kumi na moja na ushei jioni. Melbourne Cup ni saa moja asubuhi Jumanne, chai mkononi. Japan Cup, Jumapili ya mwisho wa Novemba, ni saa nne kasorobo asubuhi hivi. Hakikisha siku yenyewe, kwani dakika hubadilishwa, na washa televisheni nusu saa kabla, wakati farasi bado wanazungushwa.